Kuhamia Mfumo Endeshi Mpya Bila Kujifungia Nje ya Kompyuta ya Mbali

Ofisi ninazozihudumia ziko Likasi na Kolwezi, nami naishi Lubumbashi, nchini Kongo. Kutoka hapa hadi Likasi ni kilomita zipatazo 120, na hadi Kolwezi ni karibu 300, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu, kuanzia kurekebisha faili la hesabu lililogoma kufunguka hadi kuweka printa mpya, naifanya kwa programu inayoniwezesha kuiona skrini ya kompyuta ya mbali na kuitumia kana kwamba nimeketi mbele yake. Siku programu hiyo inapokosa kuelewana na mfumo endeshi mpya, ninachobakiwa nacho ni barabara, na gharama ya safari humwangukia mteja ambaye hakukosa lolote.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama, maombi ya kuhamia Windows 11 yameongezeka sana. Karibu kila mteja huniuliza swali lile lile: je, programu yetu ya kuingilia kutoka mbali inaikubali Windows 11? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na bado siku ya pili hakuna anayeweza kuingia. Programu inaweza kuwa sahihi kabisa, huku njia ya kuifikia ikiwa imefungwa na aina ya Windows iliyowekwa, na nenosiri, na fayawoli (kinga inayochuja kinachoingia kutoka mtandaoni), au na kompyuta iliyolala usingizi. Mambo hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kabla ya kugusa chochote

Weka njia ya pili ya kuingia ungali na ile ya kwanza. Ikiwa unatumia huduma iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ambayo katika Windows ya Kifaransa tuliyoizoea hapa inaitwa « Bureau à distance », weka pia programu nyingine kama AnyDesk, TeamViewer au RustDesk, uipe nenosiri la kudumu, kisha uingie kwa njia hiyo angalau mara moja ukihakikisha inafanya kazi. Usiridhike kuiona imewekwa tu. Njia mbili zinazotegemea mambo tofauti ni nadra kufungwa siku moja.

Baada ya hapo, sasisha programu hizo pande zote mbili, kwenye kompyuta yako na kwenye ile ya mbali, kabla ya kubadilisha mfumo. Mpangilio huu una maana kubwa. Ukibadilisha mfumo kwanza huku programu ikiwa ya miaka mitano iliyopita, hutajua kama kosa limetoka kwenye programu au kwenye mfumo, na hutakuwa tena na njia ya kuingia ili ukachunguze.

Kisha angalia kama kompyuta yenyewe inaweza kuupokea mfumo. Windows 11 inadai prosesa ya biti 64 iliyo katika orodha ya zinazokubalika, kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ukiandika tpm.msc katika kisanduku cha kutafutia utaona kama chipu hiyo ipo na ni ya toleo gani. Kompyuta nyingi zinayo lakini imezimwa katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, na hapo ndipo mafundi wengi wa mbali hukwama, kwa kuwa BIOS hufunguka kabla Windows haijaamka, na programu yoyote inayoendeshwa ndani ya Windows haiwezi kukuonyesha skrini hiyo. Kazi hiyo inahitaji mtu aliyeketi pale, na simu mkononi.

Kama diski imefungwa kwa usimbaji, andika kando ufunguo wa kuifungulia kabla ya kugusa BIOS. Ni ufunguo wa tarakimu 48, na mashine inaweza kuudai mara tu ikiona mipangilio ya chipu imebadilika. Niliwahi kumsomea mtu tarakimu hizo kwa simu, sita sita, huku laini ikikatika kila baada ya dakika mbili. Tangu siku hiyo huziacha zimeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha, katika kabati la ofisi yenyewe.

Jambo dogo la mwisho kabla ya kuanza: faili la kuwekea Windows 11 lina ukubwa unaozidi gigabaiti 5. Ofisi inayotumia mega za simu isilazimishwe kulipakua hilo kwa kila kompyuta. Tayarisha fleshi ya gigabaiti 8 au zaidi hapa mjini, uitume kwa mtu anayesafiri.

Aina ya Windows

Windows ya Home inaweza kuingia katika kompyuta nyingine, lakini haiwezi kupokea anayeingia kwa « Bureau à distance ». Uwezo wa kupokea umo katika Pro, Enterprise na Education. Andika winver na usome neno linalofuata namba ya Windows.

Mtu anayepandisha kutoka Windows 10 Pro hadi 11 kwa njia ya kawaida hubaki na Pro. Hatari iko kwa anayefuta kila kitu na kuweka upya kwa fleshi: kompyuta nyingi zina ufunguo wa leseni uliohifadhiwa na kiwanda ndani ya bodi yake, na kama ufunguo huo ni wa Home, kisakinishi huchagua Home bila kuuliza. Mwenye kompyuta alikuwa amenunua Pro baadaye, sasa amerudishwa Home, na kile kitufe cha kuruhusu kuingia kutoka mbali hakionekani tena. Usihangaike kutafuta programu za kienyeji zinazodai kuifungua Home kwa kubadilisha faili za ndani za Windows. Sasisho moja huzivunja, na wewe uko kilomita 300 mbali. Nunua leseni ya Pro au tumia programu ya kampuni nyingine isiyohitaji Pro.

Nenosiri, na kibodi iliyonifundisha adabu

Kuna mambo mawili ya haraka kuhusu akaunti. Kwanza, akaunti isiyo na nenosiri haipokelewi kutoka mbali. Windows huikataa kwa makusudi. Pili, ile namba fupi ya PIN anayoitumia mtu kila asubuhi ni ya mashine ile peke yake, haivuki mtandao. Anayetumia akaunti ya Microsoft anapaswa kuandika nenosiri la akaunti hiyo, na ni vizuri aingie nalo mara moja akiwa mbele ya kompyuta, kwa sababu mashine iliyowekwa upya na kutumiwa kwa PIN tangu siku ya kwanza inaweza kulikataa nenosiri sahihi ambalo haijawahi kuliona. Katika mipangilio ya kuingia, zima ile swichi inayolazimisha PIN au alama ya kidole peke yake.

Jambo la tatu lilinigharimu alasiri nzima. Kwa Mama mhasibu wa Likasi, fundi wa mtaani alikuwa ameweka Windows 11 kwa fleshi iliyotayarishwa kwa kibodi ya Kimarekani, wakati kibodi iliyokuwa mezani ni ya Kifaransa, ile ya AZERTY ambayo ofisi zetu zote zinayo. Nilimwomba Mama aweke nenosiri nililompa, na aiache kompyuta mpaka niingie. Tuseme nenosiri lenyewe lilikuwa Mazao2019. Aliliandika, akalirudia, Windows ikakubali. Mimi kutoka Lubumbashi nikaandika neno lile lile, likakataliwa. Nikarudia, likakataliwa tena. Nikamwomba ajaribu yeye mwenyewe pale pale. Akaingia bila shida.

Nikahisi kosa ni langu, nikabadilisha hili na lile katika mipangilio yangu kwa muda wa saa mbili. Hatimaye nikampigia.

“Mama, naomba ufungue ukurasa mtupu wa kuandikia, uandike lile nenosiri polepole, halafu unisomee kinachotokea kwenye skrini.”

“Papa, hii kitu ni ya ajabu,” akasema. “Naona nukta mbili, halafu q, halafu w, halafu q tena, o, na alama za namna namna.”

Skrini ilikuwa na :qwqo@)!( na hilo ndilo lililokuwa nenosiri lake halisi. Mahali palipochapwa M, Windows iliona nukta mbili. Palipochapwa a, iliona q. Palipochapwa z, iliona w. Na kwa kuwa kwenye AZERTY tarakimu hubonyezwa pamoja na Shift, mwaka 2019 uligeuka kuwa alama nne. Yeye aliingia kwa sababu vidole vyake vilibonyeza vitufe vile vile kila mara, nami nilikataliwa kwa sababu kompyuta yangu ilituma herufi zenyewe. Nukta nyeusi zinazoficha nenosiri zilituficha sote wawili.

Kwa hiyo, baada ya kuweka mfumo mpya, hakikisha kwanza lugha ya kibodi iliyoandikwa kwenye kona ya chini ya skrini, na pale panapoandikwa nenosiri, bofya alama ya jicho ili neno lionekane. Usijaribu kubahatisha mara nyingi: kuanzia toleo la 22H2, Windows 11 iliyowekwa upya huifunga akaunti kwa dakika 10 baada ya kukosea mara 10.

Mtandao na saa

Mabadiliko makubwa ya mfumo yanaweza kuufanya mtandao wa ofisi uhesabiwe upya kuwa wa hadharani, kama ule wa hotelini. Hapo fayawoli hubana, na kompyuta zilizo chumba kimoja zinaacha kuonana. Katika PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia maagizo, amri ya Get-NetConnectionProfile inakuonyesha mtandao umepewa hadhi gani. Kama ni ya hadharani na wewe unajua ni mtandao wa ofisi, ubadilishe uwe wa binafsi. Kisha, kutoka kompyuta nyingine ya ofisi ile ile, jaribu Test-NetConnection ukitaja jina la mashine na poti (mlango wa mtandao) namba 3389, ambayo ndiyo « Bureau à distance » husikiliza. Ikijibu, mlango uko wazi na tatizo lako liko kwenye akaunti. Isipojibu, rudi kwenye fayawoli. Jaribio hilo moja linaokoa muda mwingi kwa sababu linatenganisha matatizo mawili ambayo kwa nje yanafanana.

Usiifungue poti hiyo moja kwa moja kwenye intaneti. Mei 2019 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina BlueKeep, iliyomwezesha mshambuliaji kuingia katika Windows za zamani kupitia huduma hiyo bila nenosiri lolote, na hadi leo mashine zinazosikiliza 3389 hadharani hugongwa mlango usiku na mchana. Isitoshe, kwa anayetumia intaneti ya simu mara nyingi haiwezekani, kwa kuwa kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Tumia njia ya faragha kama WireGuard, au programu zinazopitia seva ya kati.

Saa nayo isidharauliwe. Umeme wetu hukatika mara kwa mara, na kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya kwenye bodi imekufa hurudi kila asubuhi na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Muunganisho salama hutegemea vyeti vyenye tarehe, na tarehe zikipishana sana pande mbili hukataana. Badilisha betri hiyo siku ile ile ya kuweka mfumo mpya, ungali umeifungua mashine. Wakati huo huo thibitisha majira: Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na mafundi wengi huchagua Kinshasa kwa kuwa ndilo jina la mji mkuu.

Pande mbili hazizeeki pamoja

Ofisi hubadilisha kompyuta moja moja, kwa hiyo kwa miezi kadhaa mpya na ya zamani huishi pamoja. Mwaka 2018 Microsoft ilirekebisha kasoro katika CredSSP, sehemu inayopeleka utambulisho wa anayeingia. Kuanzia Mei mwaka huo, kompyuta iliyosasishwa ilikataa kuunganishwa na ile ambayo haikusasishwa, na ujumbe wa kosa uliwafanya watu wengi wadhani programu imeharibika. Dawa ilikuwa kusasisha upande wa pili. Walioizima kinga ili waingie haraka wengine hawakuirudisha kamwe, na huo ni mzigo ambao sitaki mteja wangu aubebe.

Mwaka 2025 lilitokea jambo jingine la aina hiyo. Windows 11 ya toleo la 24H2, ikiunganishwa na seva za Windows Server 2016 au za nyuma yake, ilikatwa baada ya sekunde 65 kwa sababu ya hitilafu katika njia ya UDP, mojawapo ya namna mbili za kusafirisha data (nyingine ni TCP). Masasisho ya baadaye yaliirekebisha. Ukiona muunganisho unaokatika kwa muda ule ule kila mara, usilaumu laini ya simu kwanza: laini mbovu hukatika ovyo, hitilafu ya programu hukatika kwa wakati maalumu. Kuthibitisha, zima UDP upande wa anayeingia kwa sera za Windows, ambapo thamani husika inaitwa fClientDisableUDP, na uone kama TCP peke yake inadumu.

Fahamu pia kwamba ile programu ya kuingilia mbali iliyokuwa katika duka la Microsoft iliondolewa tarehe 27 Mei 2025, nafasi yake ikachukuliwa na Windows App. Ile ya zamani unayoifungua kwa kuandika mstsc bado imo ndani ya Windows, nami naendelea kuitumia.

Programu za kampuni nyingine

Kosa linalojirudia ni kuiendesha programu bila kuisakinisha. Ikiendeshwa hivyo huonekana inafanya kazi, mpaka Windows iulize ruhusa ya msimamizi. Swali hilo hutokea kwenye skrini iliyolindwa, wewe wa mbali huoni kitu, na aliye pale anakwambia kioo kimekuwa cheusi. Isakinishe kikamilifu ili ianze pamoja na Windows kabla mtu yeyote hajaingia.

Kwenye Mac, Apple ilianza mwaka 2018, kwa macOS Mojave, kudai ruhusa ya kutumia kibodi na kipanya, na mwaka 2019, kwa Catalina, ikaongeza ruhusa ya kurekodi skrini. Ukiingia na ukaona picha ya nyuma tu bila dirisha lolote, ni ruhusa hiyo ya pili inayokosekana. Catalina pia iliacha kuendesha programu za biti 32, hivyo toleo la zamani halitafunguka hata ukiipa ruhusa zote.

Kwenye Linux, chanzo cha matatizo ni Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha skrini. Chini ya mfumo wa zamani wa X11, programu yoyote iliweza kuisoma skrini nzima. Wayland inakataza hilo mpaka mtumiaji akubali. Programu kama x11vnc haziwezi kuisoma skrini hiyo. Katika Ubuntu (aina ya Linux) ya 22.04 na 24.04 unaweza kuchagua Xorg, yaani X11, kwenye skrini ya kuingilia, lakini Ubuntu 25.10 imeiondoa nafasi hiyo katika GNOME, mazingira yake ya skrini, kwa hiyo anza mapema kuzoea huduma ya RDP (lugha ile ile ya « Bureau à distance ») iliyomo kwenye mipangilio yenyewe. Katika 24.04 huduma hiyo inakubali kuingia hata kama hakuna aliyejitambulisha mbele ya mashine, na hicho ndicho fundi wa mbali anachokihitaji.

Jaribio

Mteja akiwa bado karibu na kompyuta, izime na kuiwasha upya kutoka mbali, umwombe asiguse kitu, kisha uingie. Njia nyingi hufanya kazi vizuri wakati mtu ameshajitambulisha na kufa mara tu mashine inapoanza upya. Baada ya hapo iache kwa saa nzima na ujaribu tena, kwa kuwa mfumo mpya unaweza kuja na mipangilio yake ya usingizi, na kompyuta iliyolala haimjibu mtu.

Kwa kompyuta ya mezani, fanya jaribio la tatu: ukiwa umefunga kazi zote na kuizima, mwombe aliye pale achomoe waya wa umeme, asubiri dakika moja, aurudishe. Katika BIOS kuna mpangilio unaoamua kama mashine itajiwasha yenyewe umeme ukirudi, na kwa ofisi za kwetu mpangilio huo una thamani kuliko programu yoyote utakayonunua. Uweke siku ile ile unapowasha TPM, ili BIOS ifunguliwe mara moja tu.

Kisha usifute mabaki. Aliyepandisha kutoka Windows 10 ana siku 10 za kurudi nyuma, na kinachomwezesha ni folda ya Windows.old, ambayo watu huifuta haraka kwa kuwa imekula nafasi. Iache kwa siku zote hizo, uingie kila siku kwa njia zote mbili ulizoziandaa, na uombe kazi halisi ifanyike: risiti ichapwe, faili la hesabu lifunguliwe, nakala ya akiba ivutwe hadi Lubumbashi. Kwa mteja mwingine aliyepandisha hivyo ilikuwa siku ya 6 ndipo tulipogundua kwamba printa ya risiti haikuwa na draiva ya mfumo mpya. Tulirudi nyuma jioni ile, tukatafuta draiva kwa utulivu, na kupandisha tena juma lililofuata.